Ubakaji hausuluhishwi kwa mbuzi: haki za aliyebakwa na njia ya kufika tribinali

Shauri linaanza mara nyingi hivi. Msichana amebakwa akitoka shambani au kuchota maji. Mama yake anakimbilia kwa mama mchungaji. Jioni wababa wa jamaa zote mbili wanaketi, shefu wa kijiji yupo, wazee wa kanisa wamealikwa ili amani isivunjike. Baada ya saa mbili wamekubaliana: mbuzi wawili, au franka kidogo, au kijana amwoe msichana. Wanaomba, wanapeana mikono, wanarudi nyumbani. Msichana hakuulizwa neno. Hospitali hakufika. Siku ya tatu inapita, na dawa ambayo ingeweza kumkinga na virusi vya ukimwi haina tena nafasi ya kufanya kazi.

Makala hii ni kwa wachungaji, wazee, mashemasi na viongozi wa wamama katika makanisa yetu ya mashariki, kwa sababu ninyi ndio mnaoambiwa kwanza, mara nyingi mbele ya polisi na mbele ya daktari. Inaeleza sheria ya nchi yetu inampa nini mtu aliyebakwa, na kanisa linaweza kumsindikiza hadi wapi. Pia inasema wazi jambo ambalo wengi wetu hatupendi kusikia: mapatano yale ya jioni hayana nguvu yoyote mbele ya sheria.

Kwa nini mapatano hayafuti kosa

Tarehe 20 Julai 2006 Kongo ilitangaza sheria mbili kwa siku moja. Ya kwanza, namba 06/018, ilibadilisha kitabu cha makosa na adhabu. Ya pili, namba 06/019, ilibadilisha namna ya kuendesha kesi. Katiba ya mwaka huohuo, katika kifungu chake cha 15, iliwapa wakuu wa serikali kazi ya kuondoa ubakaji na ukatili wa namna hiyo. Wamama wa Kongo na mashirika yao walikuwa wamepigania sheria hizo kwa miaka mingi, vita ikiwa bado inawaka.

Kwa sheria hizo, ubakaji ni kosa juu ya taifa zima. Si deni kati ya jamaa mbili. Mwendesha mashtaka, yule tunayemwita procureur, anaweza kufuata kesi hata kama hakuna aliyeleta malalamiko, na anaweza kuendelea hata kama baba wa msichana amekwisha kupokea mbuzi. Karatasi ya mapatano iliyotiwa sahihi na wazee kumi haimfungi mikono. Wapo waliokamatwa wakiwa na karatasi hiyo mfukoni, wakifikiri ni ngao.

Tena kuna jambo ambalo polisi wengine wanajifanya hawalijui. Kwa makosa mengine madogo, ofisa wa polisi wa mashtaka, yaani OPJ, anaweza kumtoza mtu faini na kumaliza faili palepale. Kwa ubakaji sheria imekataza. Kifungu cha 9 bis kinasema kwamba faini ya namna hiyo haihusu makosa ya ukatili wa kingono. OPJ anayewaambia jamaa zote mbili zilete pesa ili jambo liishe anavunja sheria aliyowekwa ailinde. Ana kazi moja tu: kumjulisha procureur ndani ya saa 24.

Kuhusu kumwoza msichana kwa mtu aliyembaka, hapo wazazi wanaingia wenyewe katika kosa. Mzazi au mlezi anayemlazimisha mtu kuolewa anaweza kufungwa kutoka mwaka 1 hadi 12, na kama msichana hajatimiza miaka 18 kiwango cha chini kinazidishwa mara mbili. Umri wa kuoa na kuolewa katika Kongo ni miaka 18, kwa mvulana na kwa msichana. Mchungaji akiletewa ndoa kama hiyo aibariki, ajue ni kitu gani kimewekwa mbele yake.

Kuna wanaofungua Kumbukumbu la Torati sura ya 22 ili kuitetea ndoa ya namna hii. Wasome pia mistari iliyo juu kidogo, juu ya msichana aliyeshikwa kwa nguvu shambani akapiga kelele bila mtu wa kumwokoa. Pale Torati inamwondolea msichana kila lawama. Na katika 2 Samweli 13, Daudi alisikia habari ya Tamari, akakasirika sana, asifanye kitu. Absalomu naye akamwambia dada yake anyamaze. Miaka miwili baadaye nyumba ile ilijaa damu. Sisi wa mashariki tunaijua nyumba ya namna hiyo.

Sheria inamhesabu nani

Zamani watu walidhani ubakaji ni jambo la mwanamke peke yake. Sheria ya 2006 inamlinda kila mtu, mwanaume na mwanamke, mvulana na msichana. Wababa na vijana waliobakwa vitani wanaona haya mara mbili, na wengi hawajamwambia hata mke. Nao wana haki zilezile, daktari yuleyule na tribinali ileile.

Adhabu ya ubakaji ni kifungo cha miaka 5 hadi 20, pamoja na faini. Aliyebakwa akifa kwa sababu ya tendo hilo, ni kifungo cha maisha. Kwa mtoto ambaye hajafika miaka 18, hakuna swali la kama alikubali au hakukubali. Umri wake peke yake unatosha, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaweka miaka 7 hadi 20. Maneno kama “alikuwa rafiki yake” au “alikuwa akienda mwenyewe nyumbani kwake” hayasaidii kitu.

Kifungu cha 171 bis kinatuhusu sisi kabisa. Kinazidisha mara mbili kiwango cha chini cha adhabu kwa watu fulani: mzazi, mwenye mamlaka juu ya aliyebakwa, mwalimu, mtumishi wa serikali, muuguzi, mganga wa kienyeji, mwenye kutumia silaha, waliofanya kwa kikundi, na aliyemtendea mtu mwenye ulemavu. Katika orodha hiyohiyo wametajwa watumishi wa dini waliotumia nafasi yao vibaya. Mchungaji, mwinjilisti au nabii wa chumba cha maombi aliyembaka mtu aliyekuja kuombewa anaanzia miaka 10. Kumhamisha parokia si adhabu. Kunampa tu kundi jipya ambalo halijui habari zake.

Wala cheo hakimfichi mtu. Kifungu cha 42 bis kinasema kwamba nafasi ya kiserikali haiondoi kosa wala haipunguzi adhabu, na kinachofuata kinasema kwamba amri ya mkubwa si udhuru.

Siku tatu za kwanza

Hapa ndipo kanisa linaweza kuokoa maisha, na hapa ndipo tunapoteza muda mwingi kwa vikao. Dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi inapaswa kuanza ndani ya saa 72, na mapema ni bora kuliko baadaye. Inamezwa kwa siku 28. Dawa ya kuzuia mimba inaweza kufanya kazi hadi saa 120, yaani siku tano, lakini nguvu yake inapungua kila siku inayopita. Kuna pia dawa za magonjwa ya zinaa, na chanjo ya pepopunda na ya ugonjwa wa ini. Vituo vingi vya afya vinavyosaidiwa na mashirika vina dawa hizi katika pakiti moja inayoitwa kiti PEP. Inafaa kila kanisa lijue leo, kabla jambo halijatokea, ni kituo gani katika eneo lake la afya kina kiti hicho na ni kipi hakina.

Kama inawezekana, asioge na asifue nguo kabla ya kumwona daktari. Nguo zile ziwekwe katika karatasi au kitambaa kikavu, si katika sasheti ya plastiki, kwani ndani yake zinaoza. Lakini kama amekwisha kuoga, na karibu wote wanaoga kwanza, asiambiwe kwamba amepoteza haki yake. Aende hivyohivyo. Na kama imepita wiki au mwaka, aende pia. Mtu anayevuja mkojo kwa sababu ya kuchanika anaweza kufanyiwa upasuaji. Hospitali ya Panzi kule Bukavu na HEAL Africa kule Goma zimefanya kazi hiyo kwa miaka mingi.

Panzi ni jambo la kwetu. Ilianzishwa mwaka 1999 na daktari Denis Mukwege, mwana wa mchungaji, chini ya 8ᵉ CEPAC, moja ya jumuiya za Kanisa la Kristo katika Kongo. Mwaka 2018 alipewa tuzo ya Nobel ya amani pamoja na Nadia Murad wa Iraki. Lakini kitu cha kujifunza kwao ni mpango wao wa kazi kuliko tuzo: mgonjwa anayefika anakuta daktari, mshauri wa moyo, mwanasheria na mtu wa kumsaidia kurudi katika maisha, wote mahali pamoja. Hasimulii habari yake mara nane katika ofisi nane.

Daktari anapomaliza anaandika sertifika. Muombeni aandike kila kitu alichoona, tarehe na saa, na atie sahihi na muhuri. OPJ au procureur anaweza kuiomba kwa barua rasmi, lakini aliyebakwa mwenyewe ana haki ya kuomba habari za mwili wake. Mahali ambapo yupo muuguzi peke yake, fishi ya matibabu na daftari ya kituo zitunzwe, kwani zinaweza kuwa ushahidi siku moja. Sertifika isiyoonyesha jeraha haimaanishi kwamba hakubakwa. Mtu aliyetishwa kwa bunduki anaweza asiwe na alama hata moja mwilini.

Toeni fotokopi. Moja ibaki kwa avoka, moja kwa mtu wa kuaminika nje ya kijiji. Tumeona nyumba ngapi zikichomwa na makaratasi yote ndani?

Polisi, parke, tribinali

Mtu mzima aliyebakwa ndiye anayeamua kama anataka kwenda kushtaki. Hili nalisema kwa sababu wako watumishi wenye bidii wanaowavuta wamama mpaka parke kwa lazima, halafu wanawaacha peke yao siku ya kikao. Mwelezeni njia, hatari zake na faida zake, kisha mngojeni. Kwa mtoto ni tofauti: mzazi au mlezi ndiye anasimama kwa ajili yake, na kama mzazi ndiye aliyefanya, au amekwisha kuuza kesi kwa mbuzi, mtu mwingine yeyote anaweza kumjulisha OPJ au procureur.

Katika miji na teritwari nyingi polisi ina kikosi maalum cha ulinzi wa mtoto na cha kuzuia ubakaji. Anzieni hapo kama kipo, na ulizeni kama kuna polisi mwanamke. Kama mshtakiwa ni raia mtu mzima, faili itakwenda parke na kisha tribunal de grande instance, ile TGI. Kama ni askari wa jeshi au polisi, inakwenda kwa auditora ya kijeshi. Kama mshtakiwa mwenyewe ni mtoto, ni tribinali ya watoto. Kupeleka faili mlango usio wake kunaweza kula mwaka mzima, kwa hiyo ulizeni mapema.

Sheria 06/019 imempa aliyebakwa haki ambazo zinafaa kujulikana kwa moyo. Uchunguzi wa kwanza usipite mwezi 1, na hukumu itolewe ndani ya miezi 3 tangu wakuu wa sheria wapokee kesi. Tuseme kweli, muda huo hauheshimiwi mara nyingi. Lakini avoka anayeutaja kwa maandishi, kila baada ya wiki mbili, anaifanya faili isilale chini ya zingine.

Katika kila hatua awe na avoka pembeni yake. Procureur au hakimu anapaswa mwenyewe kumwita daktari na mtaalamu wa mambo ya moyo ili kupima hali yake na hasara aliyoipata. Na aliyebakwa, au procureur, akiomba kesi isikilizwe kwa mlango uliofungwa, ombi hilo linapaswa kukubaliwa. Maana yake ni kwamba watu wa kijiji hawakai madirishani kusikiliza.

Na kuna kifungu cha 14 ter, ambacho kinagusa maneno tunayoyasikia hata ndani ya kanisa. Kunyamaza kwake si kukubali. Kutopigana kwake si kukubali. Maisha aliyoishi kabla, nguo anazovaa, kama alikuwa na mume au hana, havihusu. Wakati mtu anatishwa, au yuko katika mahali pa kutisha kama kambi ya wenye silaha, hakuna neno wala tendo lake linaloweza kuhesabiwa kuwa alikubali. Avoka wa upande mwingine akianza kuuliza mambo ya zamani ya mama huyo, avoka wake asimame na akitaje kifungu hicho kwa namba.

Pesa

Wengi wanaacha kesi hapa. Wanaombwa pesa ya transporte ili polisi waende kumkamata mtu, pesa ya karatasi, pesa ya mafuta. Kuandikisha malalamiko ya ubakaji si kitu cha kununuliwa. Mkiombwa, ulizeni kwa upole mpewe risiti. Mara nyingi ombi linatoweka palepale.

Kila chama cha maavoka, yaani barreau, kina ofisi ya mashauri ya bure inayoitwa Bureau de Consultations Gratuites. Asiye na uwezo anaenda kwanza kutafuta karatasi ya kushuhudia kwamba ni maskini, ile attestation d'indigence, katika ofisi ya mambo ya jamii ya serikali. Karatasi hiyo inamfungulia avoka wa bure na inaweza kumwondolea ada za tribinali. Ni karatasi ndogo, na kanisa linaweza kumsaidia mtu aipate kwa siku moja ikiwa mzee mmoja anakwenda naye.

Mashirika nayo yako. Panzi ina kliniki yake ya sheria. Dynamique des Femmes Juristes imefanya kazi Kivu ya Kaskazini kwa miaka mingi, na SOFEPADI imefanya kazi Beni na Bunia, ambako ilifungua kituo cha Karibuni wa Mama. Vita inafunga ofisi na kuzihamisha, kwa hiyo ulizeni kwanza kwa simu kabla ya kumpandisha mgonjwa kwenye moto.

Kama anataka fidia, avoka amwandikishe kuwa partie civile. Bila hatua hiyo anaweza kushinda kesi na kurudi mikono mitupu. Nisiwafiche: hata walioamriwa fidia, wengi wao hawajaiona, awe anayedaiwa ni mtu aliyefungwa asiye na mali au ni serikali yenyewe.

Kesi zilizofika mwisho

Ili msiseme kwamba sheria ni karatasi tu, kumbukeni mambo mawili ya Kivu ya Kusini.

Siku ya mwaka mpya wa 2011, askari waliwabaka wamama katika mji wa Fizi. Tribinali ya kijeshi haikungoja wamama wasafiri mpaka Bukavu; hakimu alikuja kuketi Baraka, karibu nao. Tarehe 21 Februari 2011, kabla ya miezi miwili kutimia, mkubwa wao Kibibi Mutware, mwenye cheo cha luteni kanali, alihukumiwa miaka 20 kwa kosa juu ya utu wa binadamu. Vikao vya namna hii, audiences foraines, ni msaada mkubwa kwa vijiji vya mbali. Mkisikia kimoja kinakuja, tangazeni kanisani.

Kisha Kavumu, kaskazini mwa Bukavu. Kuanzia mwaka 2013 hadi 2016, wasichana wadogo, wengine hawajatimiza miaka miwili, waliibwa usiku vitandani mwao, wakabakwa, na wakaachwa vichakani. Walikuwa zaidi ya arobaini. Kwa muda mrefu kila mtoto alikuwa na faili yake, na kila faili ilikuwa imelala. Mambo yalibadilika wakati madaktari, maavoka na wachunguzi walipoziweka faili pamoja na kuona ni mkono mmoja. Nyuma yake alikuwa Frédéric Batumike, mbunge wa jimbo, pamoja na kundi la silaha lililojiita Jeshi la Yesu. Jina hilo lituumize sisi zaidi ya wengine. Watoto hawakusimamishwa mbele ya waliowatesa: maneno yao yalikuwa yamerekodiwa kwa video na watu waliofundishwa kusema na watoto. Wazazi walitoa ushuhuda wakiwa wamefunikwa ili wasitambulikane. Tarehe 13 Desemba 2017 mahakama ya kijeshi ya Kivu ya Kusini iliketi palepale Kavumu ikawahukumu Batumike na wenzake kumi kifungo cha maisha. Julai 2018 hukumu ikathibitishwa katika rufaa.

Kilichoshinda kesi ile ni fishi za hospitali zilizotunzwa vizuri, na wazazi waliokataa kuchoka.

Pale tribinali zimefungwa

Tangu mwanzo wa 2025, Goma na kisha Bukavu zilipoingia mikononi mwa M23, kazi ya tribinali za serikali katika miji hiyo ilivurugika. Magereza yalifunguka na wafungwa wakatoroka, na kati yao watu waliokuwa wamefungwa kwa ubakaji. Wako wamama waliotoa ushuhuda na ambao leo wanahofu kukutana njiani na yule waliyemshtaki. Kanisa linalomjua mama kama huyo limfikirie mahali pa kulala kabla ya kumwambia mambo ya faili.

Kufungwa kwa tribinali hakumalizi haki. Kwa ubakaji wa kawaida, muda wa kushtaki ni miaka 10. Kwa kosa la kivita au kosa juu ya utu wa binadamu hakuna mwisho wa muda. Mtu anaweza kushtakiwa akiwa mzee wa mvi. Kwa hiyo kazi ya sasa ni kutunza: sertifika, tarehe, mahali, rangi ya nguo za wenye silaha, lugha waliyosema, majina waliyoitana, nani aliona. Andikeni bila jina la aliyebakwa, kwa alama tu, na jina lake liwekwe kando. Msipige picha uso wake. Msitume habari yake katika kundi la WhatsApp la kwaya, hata kwa kuombewa. Simu inakamatwa kizuizini, na mtu anaweza kufa kwa ajili ya ujumbe wa maombi.

Kuna pia njia ya fidia isiyongoja aliyefanya akamatwe. Sheria namba 22/065 ya tarehe 26 Desemba 2022 imewatambua waliobakwa kwa sababu ya vita na ikaunda mfuko wa taifa unaoitwa FONAREV, wenye kazi ya kuwatafuta na kuwasaidia. Lakini elewa mpaka wake: ni kwa ukatili wa vita na makosa makubwa ya namna hiyo. Msichana aliyebakwa na jirani au na mwalimu njia yake inabaki parke na TGI. Na mtu akipita kijijini akidai pesa ili aandike majina ya FONAREV, msimpe kitu, wala msimpe orodha ya wamama wa kanisa.

Kwa ndugu wa Ituri, mahakama ya kimataifa ya La Haye ilimhukumu Bosco Ntaganda miaka 30 mwaka 2019 kwa mambo ya 2002 na 2003, na kati yake ubakaji na utumwa wa kingono. Katika amri ya fidia ya tarehe 8 Machi 2021, mahakama hiyo iliwahesabu watoto waliozaliwa kwa ubakaji kuwa wateswa wenyewe, si kivuli cha mama zao.

Mtoto aliyezaliwa

Hao watoto wapo katika shule zetu za Jumapili. Mtoto wa namna hii ni Mkongo kupitia mama yake, kama wengine wote. Aandikishwe katika ofisi ya état civil ndani ya siku 90, na mama anaweza kumwandikisha bila jina la baba. Asipoandikishwa, baadaye atahitaji hukumu ya tribinali ili apate cheti, na hiyo ni pesa na safari. Msimbatize kwa jina la tukio. Nimekutana na mtoto aliyeitwa Vita na mwingine aliyeitwa Bahati Mbaya, na kila mtu kijijini alijua kwa nini.

Mume naye anahitaji kutembelewa. Wengi wanamfukuza mke kwa sababu ya maneno ya ndugu zao kuliko kwa chuki yao wenyewe, na mzee wa kanisa anayekwenda kuketi naye mara tatu, nne, bila kuhubiri, ameokoa nyumba zaidi ya moja. Mwambieni pia kwamba dawa za siku 28 zinahitaji mtu wa kumkumbusha mke kila jioni, na kwamba vipimo vya damu vinarudiwa baada ya miezi mitatu.

Mambo machache ya kupanga mwezi huu katika kila parokia: wamama wawili wanaoaminika, wasio na mdomo, watakaoitwa usiku wowote, pesa kidogo ya moto iliyotengwa kando, isiyoguswa kwa ujenzi, jina la kituo chenye kiti PEP, namba ya avoka mmoja. Na wazee waandike katika daftari ya baraza kwamba kesi ya ubakaji ikiletwa, kikao hakifunguliwi. Atakayepokea habari hiyo anatafuta viatu vyake na kumsindikiza aliyebakwa hospitali.